Stop moja nusura inimezeshe dawa mara mbili

Nesi mmoja ameniokoa leo, na mimi ndiye niliyemkatalia asinitafsirie.

Kiingereza sikukisomea. Nilikiokota kwa wazungu waliokuja kupima barabara, na hapa Zuzu hakuna mzee ananifikia. Bisheni.

Asubuhi nikaenda kliniki ya presha. Daktari ni mgeni, Kiswahili hana. Akaniuliza kama dawa nameza.

Nilikuwa nimesimama dukani njiani, nikanunua maji, nikameza. Nikamjibu kifua mbele:

"I stopped taking my medicine."

Daktari akashtuka! Akaniwekea vidonge kiganjani nimeze palepale. Nikadhani ndiyo utaratibu mpya.

Nesi akanishika mkono.
"Babu, kwani umeacha dawa?"
"Nani kaacha? Nimemeza leo hii, nilisimama pale dukani!"
"Sasa umemwambia umeacha. Ungesema stopped to take, yaani ulisimama ili umeze."
"Si stop ileile?"
"Ileile, babu. Angalia kinachoifuata."

Nikabisha kidogo, mnanijua. Sisi tuna kuacha na tuna kusimama, kila moja na neno lake. Wenzetu wamebana matumizi.

Lakini vidonge nikavirudisha. Nikifikiria dozi mbili kwa moyo huu wa kizee, nachoka.

Nyie mliosoma, nani alijua hiyo? Semeni ukweli.

Mjukuu wangu nesi, Mungu akutunze. Mimi asante sitoi hovyo. Leo nimekupa mbili, moja ya Kiingereza, na hiyo hukuisahihisha.