Sukari Iko Njiani

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na mdomo wake haukuwa na breki. Alibeba mahindi kutoka Busiu kupeleka Jinja, na akirudi Mbale alikuja kukaa kwenye hoteli yangu ya chai, huku eneo la viwanda, akabishana na kila aliyeingia. Mpira, dini, bei ya ndizi, hata mvua aliibishia. Wateja waliagiza chai ya pili ili wamsikilize tu. Nilikuwa namfokea kila siku, lakini wallahi, ubishi huo ndio ulionifanya nimpende.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi hapa Uganda, neno moja lilipigwa marufuku, na neno lenyewe wala si tusi: hakuna. Sukari ilikuwa imepotea, chumvi imepotea, sabuni tulibaki kuihadithia. Lakini ole wako useme hakuna! Papo hapo unaitwa adui wa uchumi, kibaraka, mtu wa magendo. Tulifundishwa barazani namna ya kusema: "Kila kitu iko njiani." Basi tukasema. Unaingia dukani kwa hao tuliowaita mafuta mingi, wale waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, unakuta rafu tupu na mwenye duka amekunja mikono, anakujibu kwa heshima zote, "Iko njiani, mama." Dawa ziko njiani. Mgonjwa anazikwa, dawa bado ziko njiani.

Siku moja baba watoto alikuwa Jinja, amekwisha kupakua mzigo, akakuta watu wanaswagwa kwenda barazani. Afande mmoja mnene akapanda jukwaani akatangaza, "Leo ni siku ya majadiliano. Semeni kwa uhuru. Hapana ogopa." Sasa, Uganda nzima ilijua kwamba ukiambiwa useme kwa uhuru, unatazama viatu vyako. Yeye, Mkenya wa watu kama mimi, akadhani kweli ameulizwa. Akanyoosha mkono!

"Afande, mimi ni dereva. Natoka Busiu mpaka hapa kila wiki, njia zote nazijua. Hiyo sukari iliyo njiani sijakutana nayo hata siku moja. Inapita wapi?"

Watu wakacheka. Kicheko ndicho kilichomponza, maana swali peke yake huenda wangelisamehe. Kabla watu hawajanyamaza, alikuwa ameshatupwa nyuma ya gari la jeshi.

Dereva mwenzake ndiye aliyeniletea habari. Wengi waliopakiwa kwenye magari yale hawakurudi, na hata hilo hukuruhusiwa kulisema, eti "wamesafiri". Nikamkimbilia jirani yangu, bibi mmoja Mnubi ambaye marehemu mumewe alikuwa askari tangu enzi za Mwingereza. Wanajeshi aliwajua kama alivyozijua sufuria zake.

"Mwanangu, usiende kuwalilia, machozi wameyazoea," akaniambia. "Nenda asubuhi, wakati afande anakunywa chai. Akishapata chai yake hasira inapoa."

Nilikuwa na kifurushi cha sukari, sukari ya magendo iliyopenyezwa kutoka kwetu Kenya, ng'ambo ya mpaka. Nikakifunga ndani ya leso, nikakificha kifuani, nikapanda basi. Nilitaka mume wangu, kama bado alikuwa hai, apate japo kikombe kimoja kitamu.

Ofisi ilikuwa kwenye kambi ya jeshi hapo Jinja, upande wa Kimaka. Afande yule yule wa barazani alikuwa ameketi mbele ya birika. Nikamwamkia, nikajieleza. Hakuinua hata kichwa.

"Bwana yako iko na mdomo mingi," akasema. "Yeye naharibu jina ya serikali."

Akamimina chai, akaonja, akakunja uso kama mtoto aliyenyweshwa dawa.

"Sukari iko wapi?" akafoka.

Askari wake akasimama wima mlangoni, akapiga saluti. "Iko njiani, Afande!"

"Nauliza, sukari iko wapi?"

"Iko njiani, Afande!" Jasho lilikuwa likimtiririka, maskini. Angejibu nini kingine, wakati somo alifundishwa na huyo huyo aliyekuwa anamuuliza?

Afande akamtazama askari, akanitazama mimi, chai inapoa. Kicheko kilinibana mbavu. Mkubwa mzima, bastola kiunoni, na neno pekee alilohitaji kulisema alikuwa amelikataza mwenyewe! Nikaingiza mkono kifuani. Watu walikuwa wanapigwa risasi kwa magendo kama ile. Nikaweka kifurushi mezani.

"Imefika, Afande," nikasema.

Akakitazama kifurushi, akanitazama. Aulize imetoka wapi? Si njiani, kama alivyosema mwenyewe? Akachota, akakoroga, akanywa kikombe chote. Halafu akapiga meza kwa furaha na kumgeukia askari wake.

"Wewe naona? Mimi nilisema! Leta huyo dereva."

Wakamleta. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, viatu hana. Nililia hapo hapo, nikasahau maonyo yote ya bibi. Tukapanda basi la kurudi Mbale.

Asubuhi hoteli ilijaa. Wateja walikuwa wamekuja kumsikiliza. Mmoja akamchokoza, "Enhe, dereva wetu, barabara ya Jinja iko vipi siku hizi?"

Barabara yenyewe ilikuwa mashimo matupu, na zamani angeyatukana moja baada ya jingine.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana."

Wakangoja. Hakuongeza kitu. Wakamaliza chai yao, wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyeagiza ya pili.

Nikamletea kikombe chake. "Baba watoto, kunywa hivyo hivyo leo. Sukari hakuna."

Akageuka kwanza, akatazama mlangoni. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza:

"Iko njiani, mama watoto. Sema iko njiani."