Sanda ya Mguu

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea pale Tongoni, na goti lake la kulia ndilo lililonifundisha woga. Walisema ni baridi yabisi. Asubuhi lilikuwa limevimba kama boga, na akitaka kuinuka mkekani hunikamata bega, mimi msichana wa miaka kumi na miwili, akaniminya mpaka nikalia naye. Tulimchua kwa mafuta ya nyonyo, akanywa kombe la aya, akachanjwa. Wapi! Mwishowe hata kwenye mbuzi ya kukunia nazi hakuweza kukaa.

Ndipo mjomba akampeleka hospitali mjini Tanga, nami nikafuatana nao. Daktari, Mzungu mrefu, aliligeuza goti huku na huku akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa akitutafsiria, Msambaa mpole, akayafupisha yote: "Bibi, goti limelika. Urudi mwezi ujao, daktari atalikata."

Atalikata! Kwetu mtu akikatwa goti, chini yake kunabaki nini? Na hakuna aliyeuliza. Mbele ya lile koti jeupe tulisema ahsante, mjomba akatoa shikamoo ya pili, tukatoka. Mpaka leo naikasirikia ahsante ile.

Tulipofika nyumbani Bibi alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, akamwuliza kiungo cha mtu aliye hai hufanywaje kikikatwa. Mwalimu akamjibu kwamba huviringwa kitambaa kikazikwa kwa heshima, ila hakisaliwi. Bibi akashusha pumzi.

"Basi mguu wangu uzikwe karibu na babu yenu," akasema. "Siku ya kufufuliwa sitaki kurukaruka na mmoja, naulizia mwingine uko wapi."

Akanunua bafta ya sanda, akajipima kwa uzi kutoka gotini hadi unyayoni. Mjomba akachimba kishimo makaburini. Kilikuwa kifupi, kama cha kitoto kichanga, na njia ya kisimani ilipita hapo hapo. Nilikuwa nakipita nimefumba macho, ndoo kichwani, na mara mbili nilianguka.

Hicho hakikuwa kitu. Siku moja Bibi anasuka ukili akaniambia, "Mjomba wako mwoga, ataniangushia. Mguu utaubeba wewe."

"Mimi, Bibi?"

"Wewe. Si ndiwe unayejifanya mke mwenzangu? Basi nibebee." Akacheka. Mimi sikucheka. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Kila nikifikiri nitakaa ndani ya basi, watu wamejaa, kikapu mapajani, na ndani yake mguu wa Bibi wenye lile kovu la jembe ninalolijua, nilikwenda nikakificha kikapu nyuma ya mlango.

Siku yenyewe ikafika. Bibi alijipaka hina kucha za mguu ule mmoja tu. "Usiende kwa Mola wake mkiwa," akasema. Kule hospitali, wauguzi walipokuja kumchukua, alinishika mkono.

"Naogopa, mjukuu wangu."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Nikakaa kwenye benchi na kikapu changu. Mjomba alikuwa ametoka nje, hawezi hata kuutazama mlango. Baada ya muda mrefu dresa akatokea. "Tayari," akasema. Nikasimama, nikamfunulia kikapu.

"Cha nini hiki?"

"Cha mguu wa Bibi. Nimeagizwa niubebe."

Aliitazama ile bafta, akanitazama mimi, akaketi. "Mwanangu," akasema, "mguu anao mwenyewe."

Ndipo akanieleza taratibu, kama alivyopaswa kutueleza tangu mwanzo. Wamelifungua goti, wamekata ncha za mifupa zilizolika, wameikutanisha mifupa ili ishikane iwe mmoja. Maumivu yataisha, lakini goti halitakunjika tena maisha.

Nilimkuta Bibi kalala, mguu umefungwa plasta tangu pajani, vidole vyenye hina vimechomoza. Nikavishika. Vilikuwa vya moto. Nikalia kwa sauti mpaka akafumbua macho.

"Umeshauzika?"

"Bibi, uko hapa."

"Hebu wacha uwongo wako!" Akapeleka mkono, akapapasa paja, akapapasa plasta. Kisha akaanza kututukana, mimi, mjomba, dresa na daktari wa koti jeupe, huku machozi yanamtiririka.

Mguu ule ukakauka kama mchi. Akawa anasali kaunyoosha mbele, na nazi nikawa nakuna mimi. Lakini asubuhi hakuniminya bega tena. Mjomba alikwenda akakifukia kile kishimo.

Sasa magoti yangu mwenyewe yamelika. Juzi daktari, binti wa kuweza kuwa mjukuu wangu, alinieleza vizuri mno. Wataondoa sehemu zilizolika, waniwekee goti la bandia la chuma na plastiki, nalo linakunjika, na kesho yake watanisimamisha. Akanichorea hata picha. Nikasema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Akaniuliza kama nina swali.

Mtu mzima mimi, niliyesoma, nikajikuta nimelishika goti kwa mikono miwili.

"Hilo la zamani," nikamwuliza, "mtanipa nikalizike?"