Sufuria Ndani ya Shanta

Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye pembe zilizopinda kwa mbele, naogopa mtu anayebisha hodi mara moja tu kisha akanyamaza. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, akakaa nyumbani mpaka mahindi yakavunwa, halafu akasema anataka kuitembea nchi hii kwa miguu mpaka pwani, nilikuwa nimekwisha kuogopa kabla hajamaliza kusema.

Tulikuwa tukikaa Mbozi, upande ambako asubuhi za kipupwe ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana. Alikuwa amenioa na kuondoka karibu wakati uleule, kwa hiyo hata mtoto tulikuwa hatujapata. Miaka yote ya vita nilimngoja. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuzoea kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba.

"Nimepelekwa nchi za watu," alisema. "Milima yao nimeipanda, matope yao nimeyalalia. Ya kwangu siijui. Mbeya yenyewe nimeiona kwa kupitia mabega ya wenzangu, ndani ya lori."

Nikamwambia malori yapo hata sasa. Akasema mtu aliye ndani ya lori anachokiona ni vumbi, na kwamba alikwisha kutembea sana kwa amri ya wengine, sasa atatembea kwa kupenda kwake.

Jioni moja kabla ya giza alitandika mkeka uani akaipanga safari kwa maharage. Harage jekundu lilikuwa nyumbani kwetu. Jingine likawa Mbeya, na mawe madogo yakawa milima: mlima Rungwe, ambao alitaka aupande mpaka juu, kisha vilima vya baridi vya Njombe. Halafu Iringa, halafu Morogoro chini ya milima yake, na mwisho kabisa, kwenye ukingo wa mkeka, Dar es Salaam. Baada ya hapo alimwaga maji kidogo mchangani, akasema hiyo ndiyo bahari. Alieleza vizuri. Alisema miezi ya kiangazi inatosha kwenda na kurudi kabla ya mvua. Mimi nilikuwa nayatazama yale maji yanavyozama mchangani. Ziwa Rukwa nililijua, lakini Rukwa ukisimama huku unaiona milima ya ng'ambo. Yeye alikuwa anazungumzia maji yasiyo na ng'ambo, na anacheka.

Akapita kuku akaidonoa Iringa, akaimeza.

Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akachukua harage jingine akaliweka palepale. Lakini mimi sikuweza kucheka, na kuku yule nilimchinja wiki ileile.

Shangazi yangu alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, akiuza maharage na unga kwa watu wa Rhodesia, na kila alipokuja kwetu alileta habari kama mtu anayeleta zawadi. Nilipomweleza, hakunituliza hata kidogo. Alisema Njombe kuna simba waliozoea kula watu, hawataki tena nyama nyingine. Alisema mumiani, wale ambao wateja wake Wabemba waliwaita banyama, wanaotoa watu damu, sasa wamehamia kwenye barabara kuu, na wanapenda zaidi mtu anayetembea peke yake na mzigo mgongoni. "Tena mumeo alikuwa askari, amelishwa vizuri," alisema. "Ana damu nyingi huyo." Nilimpa chai, na kikombe kikagongana na kisahani chake njia nzima kutoka jikoni.

Mume wangu alipoona nimekuwa mkimya, aliniambia, "Kama unataka, twende wote."

Nikakataa. Nilikataa upesi, bila hata kufikiri, kwa sababu nilikuwa naona simba na mumiani na yale maji. Nilidhani pia nikikataa, ataiacha. Hakuiacha. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupaka mafuta viatu vyake vya jeshi. Viatu vile alivitunza kuliko kitu chochote. Hata umande ukivigusa ulimkera.

Lazima niseme hapa kwa nini hofu yangu haikuwa ya simba peke yake. Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo, akaenda kufuata kazi ya mkonge huko Tanga. Wengine walioondoka naye walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia amekufa. Mama alikaa hivyo, si mjane wala si mke wa mtu, na kanisani wanawake hawakujua wamweke kundi gani katika maombi yao. Mimi nilikua nikiyatazama hayo. Nilichoogopa kuliko vyote ni kukaa kama mama yangu.

Siku chache kabla ya kuondoka, mume wangu aliniita nilione shanta lake, lile begi la mgongoni alilorudi nalo kutoka vitani. Alikuwa amelifunga kwa ustadi wa askari na alitaka nimsifu. Alinifungulia. Blanketi juu, kisu pembeni, shati moja, na chini yake sufuria ya jeshi yenye mfuniko. Akafunua sufuria: ndani yake kifuko cha unga. Akafungua kifuko, akaingiza vidole katika unga akatoa kiberiti, amekifunga kwa kitambaa kilichopakwa nta ili kisipate unyevu. Chumvi nayo ilikuwa humohumo, kwenye fundo dogo.

"Unaona?" alisema. "Kila kitu kiko hapa."

Niliona. Nikakaa juu ya kinu.

Asiyetoka kwetu anaweza kushangaa mtu kuogopa sufuria. Lakini watu wa kwetu walikuwa wakishuka Ivuna kila kiangazi kufuata chumvi, na mimi nilikwenda na mama nilipokuwa msichana. Njia ni ndefu, na inateremka kutoka baridi yetu mpaka kwenye joto la bonde. Kulikuwa na namna ya kufunga mizigo ambayo hukufundishwa, uliikuta tu: hakuna mtu mmoja aliyebeba chakula kamili. Huyu alibeba unga, yule chungu, mwingine moto ndani ya kigae, na viberiti vilipokuja, kiberiti. Ukigombana na mwenzako ukamwacha nyuma, jioni utakaa na unga wako mkavu ukimsubiri mwenye chungu. Nimewaona wake wenza ambao nyumbani hawasemezani wakingojana kando ya kijito, wote wamenuna, kwa sababu mmoja ana unga na mwenzake ana moto. Ndivyo watu walivyokuwa wakirudi nyumbani wote.

Sasa mume wangu, mtoto wa watu haohao, alikuwa amefunga unga, sufuria, chumvi na kiberiti ndani ya mfuko mmoja, na mfuko huo uko mgongoni mwake. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kumngoja yeyote, wala ya kurudi popote.

Kesho yake nilikwenda kwa mama. Nilimkuta akipepeta ulezi. Sikumsalimu hata vizuri.

"Mama, baba alipoondoka alichukua nini?"

Aliendelea kupepeta. "Blanketi," alisema. "Na panga."

"Na nini tena?"

"Na unga." Akaweka ungo chini. "Na kile chungu changu kidogo cha mboga. Yeye aliniaga vizuri, mwanangu, alisema anakwenda na kurudi. Nikaingia jikoni nipike, chungu sikukiona. Ndipo nikajua. Siku hiyo nilikwenda kupika kwa jirani, nikamwambia changu kimepasuka."

Hakuwa amewahi kuniambia hayo. Alichukua tena ungo wake, nami nikaondoka, nikirudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia, na njia nzima nilikuwa nalia.

Mume wangu alikuwa uani akishona mkanda wa shanta. Nilisimama mbele yake na kanga yangu imejaa mavumbi.

"Toa sufuria, nitaibeba mimi."

"Si ulisema huendi?"

"Sasa nakwenda."

Alinitazama. Nadhani alifurahi, lakini furaha haikukaa usoni mwake. "Sawa," alisema. "Utakwenda. Ila sufuria inabaki humu. Nitakutafutia ya kwako, na kiberiti chako, na unga wako. Kila mtu atabeba chake."

"Kwa nini? Kwetu watu hawasafiri hivyo."

"Najua kwetu watu wanavyosafiri."

"Basi kwa nini?"

Aliweka sindano chini. Alizungumza bila kunitazama, akiuvutavuta ule mkanda.

"Burma nilikuwa na mwenzangu, Mnyamwanga wa upande wa Tunduma. Tuliambiwa kila mtu abebe vyake kamili. Sisi tukasema hawa Wazungu hawajui kitu, tukafunga kama watu wa chumvi. Mimi mchele na sufuria, yeye kiberiti. Siku moja tukavuka mto. Mimi nikafika ng'ambo, yeye mto ukamchukua. Tulikuwa tumetengana na wenzetu. Nikakaa pale ukingoni na mchele wangu, na sufuria yangu, nikaweka mafiga, nikakusanya kuni. Nikawa namsubiri. Nilijua hatakuja, lakini kuni ziko pale, nifanye nini? Niliutafuna ule mchele mbichi. Sitaki tena kumngoja mtu mwenye kiberiti."

Akaokota sindano, akajichoma kidole, akajichoma tena. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Miaka yote nilidhani mwoga katika nyumba ile ni mmoja, na kwamba huyo ni mimi. Nilikaa chini kando yake, na hofu yangu haikupungua, bali iliongezeka, maana sasa nilikuwa na ya kwake pia.

Baadaye nikamwambia, "Mimi nilikungoja miaka yote ile. Hukuniachia hata habari. Nami nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, nusu nawapa kuku."

Aliuvuta tena ule mkanda.

"Nipe kiberiti," nilisema.

Alitoa unga akanipa. Chumvi akanipa. Kiberiti alikishika mkononi, akakigeuza, akakitia mfukoni mwa shati lake. Sikumlazimisha. Niliufunga unga kwenye kikapu changu, nikaenda kupika.

Siku ya kuondoka kulikuwa na ukungu, kama kawaida. Mama alikuja kutuaga. Alikitazama kikapu changu, akalitazama lile shanta. Mume wangu alitia shanta mgongoni, akatoka, akarudi mlangoni. Akachomoa kiberiti mfukoni akanitia mkononi.

"Ukipita mtoni," alisema, "kiweke kichwani."

Tuliacha barabara kubwa tukafuata njia ya mkato inayokwenda kuvuka mto Songwe mahali penye maji haba. Yeye alikuwa na mwendo wa jeshi. Aliahidi atatembea polepole, na nadhani alijitahidi, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kufundishwa. Mimi nilichubuka kisigino. Kwanza niliona mgongo wake, kisha shanta tu likipandashuka juu ya majani makavu, kisha sikuona kitu. Niliita, nikaisikia sauti yangu inavyotoka nyembamba. Njia nzima hapakuwa na mtu. Kila mti ulikuwa na simba nyuma yake na kila kichaka kilikuwa na mumiani. Lakini nitasema kweli, hao sikuwajali tena. Nilikuwa nawaza kwamba sufuria anayo, na unga watu watampa njiani, na moto hauko mbali popote penye watu. Nilikuwa nawaza jiko la mama na pale mahali palipokuwa na chungu. Nilitembea nikichechemea na kulia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Njia ilipinda, mto ukatokea.

Alikuwa ng'ambo. Alikuwa ameweka mawe matatu, sufuria imekaa juu yake na maji ndani, kuni zimepangwa chini vizuri, na hapakuwa na moto. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa akitazama upande wangu, mikono imening'inia. Sijui alikuwa amesimama hivyo kwa muda gani. Nilimwita, hakuitika.

Nikafunga kiberiti ndani ya kitambaa, nikakiweka kichwani chini ya kikapu, nikapandisha kanga, nikaingia. Maji yalikuwa ya magotini, na baridi. Nilikuwa nimefika katikati aliposhindwa kuvumilia. Aliingia mtoni na viatu vyake vya jeshi, vyote viwili, akaja akinirushia maji, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

Kiberiti hakukiuliza. Aliniuliza kama nimelowa.

Nikamwambia miguu tu. Tulipanda ukingo, nikachutama mbele ya mawe yale, na kijiti cha tatu kikawaka.