Umm Layth na Rimoti za Mtaa wa Tangi

Mjini Madaba, karibu na Amman, ukiuliza fundi wa funguo yuko wapi, utaambiwa, "Nenda kwa Umm Layth," basi, wala hawaongezi neno. Zamani walikuwa wakiongeza. Walikuwa wakisema, "yule mjane wa Munther," na wengine wakitabasamu pembeni, maana Munther alipofariki kwa maradhi ya figo, watu wote wa sokoni walimngoja mkewe auze mashine ya kuchonga funguo, arudi kwake akapike.

Hakuuza. Na asiyemjua alidhani ni ukaidi tu. Kumbe miaka mitatu ya mwisho ya mumewe, Intisar, yaani huyu Umm Layth mwenyewe, ndiye aliyekuwa mikono yake. Munther alikaa kwenye kiti amejifunga blanketi, pumzi za kukopa, akisema fanya hivi, fanya vile, na mkewe akifanya. Alimfundisha kufungua vitasa, kuchonga funguo, na magari ya kisasa yalipokuja, wote wawili walijifunza rimoti pamoja kama wanafunzi wa darasa moja. Neno alilolirudia Munther ni hili: "Mgonjwa haulizwi kwa bisibisi. Muulize kwanza kwa mdomo."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mwalimu Ghazi aliingia dukani akihema. Alikuwa anafundisha hesabu, mtu wa shati lililopigwa pasi na hasira za karibu. Akatazama huku na huku.

"Fundi yuko wapi, mama?"

"Unamtazama."

"Namtaka anayetengeneza rimoti za magari."

"Huyohuyo. Kaa, mwalimu, upumzike. Gari limefanya nini?"

Hakukaa. Alisema ameamka, amebonyeza rimoti, gari kimya. Amenunua betri mpya dukani, kimya. Amekodi teksi kwenda shule, na vipindi viwili vimempita. Gereji aliyoipigia simu imemwambia ni kompyuta ya gari imekufa, ing'olewe iwekwe nyingine.

"Wameliona gari?"

"Hawajaliona."

"Waganga hao. Wanatibu kwa ndoto." Akanyoosha mkono. "Lete."

Aliifungua rimoti kwa ukucha. Akaangalia betri kama imewekwa juu chini, imekaa sawa. Akaipima; ina nguvu. Akaangalia vile vibati viwili vinavyoishika betri kama vimelegea, akasugua kimoja kwa kifutio cha penseli. Kisha akachukua redio ya mkononi ya Munther, ile inayonasa mawimbi ya rimoti, akabonyeza. Redio ikatoa mkwaruzo mfupi, kama kucha juu ya ubao.

"Rimoti yako inasema vizuri tu," alisema.

"Inasema, gari halisikii?"

"Ufunguo wa akiba unao?"

"Ninao mfukoni. Nao umekufa tangu leo asubuhi."

Umm Layth akainua macho. Akaujaribu ule wa akiba. Redio ikakwaruza vilevile.

"Mwalimu, mashahidi wawili wamesema jambo moja. Kwa nini tuwaite waongo? Twende kwenye gari."

Gari lilikuwa Mtaa wa Tangi, kilimani. Walipofika, Umm Layth alimwonyesha mwalimu kijifunguo cha chuma kilichojificha ndani ya rimoti, akafungua mlango kwa hicho. Kisha akamwambia aigusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, aikandamize hapohapo. Gari likawaka.

Mwalimu Ghazi alikaa nyuma ya usukani akiigeuzageuza rimoti. Miaka minne analo gari hilo.

"Haya, lishushe mpaka mbele ya tanuri la mikate, ulizime, ujaribu rimoti."

Akashuka nalo. Mbele ya tanuri, rimoti ikafunga milango, ikafungua, ikafunga. Akarudi anacheka, mkono kifuani kwa shukrani.

"Umm Layth, Mungu akupe umri. Limepona."

"Halikuumwa. Mtaa ndio unaoumwa."

Mwingine angerudi dukani kwake, kazi imekwisha. Lakini mlango wa pili alikuwepo Rakan, dereva wa gari la kuuza gesi, ambaye naye anabonyeza rimoti na kutukana chini kwa chini. Umm Layth akamuuliza tangu lini. Akasema tangu alfajiri. Basi akaiwasha redio pale katikati ya barabara, bila kubonyeza rimoti yoyote, na redio ikakwaruza. Haikunyamaza. Ilikwaruza mfululizo kama mtu anayeparura masufuria.

"Kuna kitu kinapiga kelele hapa," alisema. "Magari yanaitwa na wenyewe, ila hayasikii kwa sababu ya huyu anayepayuka."

"Kitu gani?" aliuliza mwalimu.

"Bado hakijaniambia jina."

Akarudisha antena ndani kidogo ili redio iwe nzito ya kusikia, akatembea. Kulia, mkwaruzo ukafifia. Kushoto, ukapanda. Mwalimu na Rakan wakamfuata, na wanawake wawili kwenye roshani wakaacha kuanika nguo wakawatazama. Mbele ya nyumba ya ghorofa mbili yenye lango la kijani, antena yote ikiwa ndani, redio bado ilikuwa inapiga kelele.

"Hapo kwa Hajja Wasfiyya," mmoja wa wale wanawake akasema kutoka juu. "Amelala, mwacheni. Mwanawe anakaa juu, ameondoka alfajiri kwenda kazini Amman."

Umm Layth akagonga mlango wa chini. Redio ikanyamaza.

Akashangaa. Akasubiri. Ikaanza tena. Akagonga mara mbili, ko, ko. Mkwaruzo ukakatika mara mbili.

Aligeuka akamtazama mwalimu, na mwalimu aliuona uso wake umebadilika.

"Kuna mtu ndani amebonyeza kitufe," alisema taratibu. "Na ananisikia."

Rakan akampigia simu mwana wa Hajja, haikupokelewa. Yule mwanamke wa roshani akashuka, Umm Jalal jina lake, akasema nyumba ya watu haivunjwi hivihivi. Umm Layth akamwambia, "Sivunji, dada. Nafungua. Na wewe utaingia wa kwanza, uwe shahidi wangu." Akapiga magoti, akatoa vyuma vyake viwili vyembamba. Miaka kumi na mmoja ya kufungulia watu milango, na siku hiyo, alisema baadaye, kitasa cha bei rahisi kilimtoa jasho kuliko sefu.

Hajja Wasfiyya alikuwa sakafuni jikoni, kati ya jiko na meza, mguu mmoja umekaa vibaya. Kinywa kimekauka. Shingoni alikuwa na kamba yenye kitufe cheupe, kile cha kumwitia mwanawe juu kwa mawimbi yaleyale ya rimoti, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekibana mpaka vimekufa ganzi, gumba tu likiweza kuinuka. Alikuwa ameanguka alipotoka kuswali alfajiri. Alibonyeza, mwanawe hakushuka; akamsikia akifunga lango, akaita, sauti haikufika. Basi akashika kitufe, akaapa hatakiachia mpaka mtu aje. Kengele yenyewe ilikuwa juu, imechomolewa ukutani ili simu ichajiwe.

"Mmechelewa," alisema kikongwe. "Chai imekwisha kupoa."

Umm Layth akakaa chini sakafuni, akampakata kichwa, akaanza kuvifungua vile vidole kimoja kimoja. "Achia sasa, bi mkubwa. Tumekusikia." Mwalimu Ghazi akaenda mwenyewe kusimama njia panda kuongoza gari la wagonjwa, mikono ya shati imekunjwa, vipindi vya shule amevisahau.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari waliifunga kwa chuma, na baada ya wiki saba Hajja alikuwa anatembea kwa mkongojo na kumkaripia kila anayetaka kumshika mkono. Mwanawe, Hisham, mtu mzima wa miaka hamsini, alikwenda dukani kwa Umm Layth akiwa ameinamisha kichwa, akaanza kujieleza habari za simu na chaja. Umm Layth hakumwacha amalize. Hakumlaumu pia. Alimwambia avute kiti, akamwekea kahawa, kisha akamwuliza mama yake anapenda kulala upande gani, jikoni kuna soketi ngapi, na nani mtaani huwa nyumbani mchana.

Kesho yake alipanda Mtaa wa Tangi na mfuko wa vifaa. Alifunga kengele mbili, moja kwa Hisham na nyingine kwa Umm Jalal, zote zimeungwa moja kwa moja kwenye waya wa umeme, hazina cha kuchomoa. Akachonga funguo tatu za mlango wa Hajja, mmoja akampa Umm Jalal mkononi. Kisha akamwambia Hajja abonyeze, na Umm Jalal akajibu kutoka roshani kwamba amesikia, mtaa mzima umesikia, inatosha. Hajja akabonyeza tena.