Mupaka wa Katikati

Mimi shule niliacha mapema, lakini kulima najua, na kupima shamba kwa kamba najua. Kwa hiyo mujukuu wangu aliporudi toka shule, nyumbani hapa Kasongo, analia juu ya hesabu za perimetre na sirfase, sikuogopa. Baba yake, mutoto wangu mwenyewe, alikuwa ameshasema kwa telefone toka Kabambare: "Mama, akianguka tena egzame ya mwaka wa sita, nakuja na piki-piki, namukamata. Alime na wenzake." Huyo akisema kitu, hageuki. Ni mimi nilimuzaa hivyo.

Nikamupeleka shambani. Shamba langu na la mukewenza wangu yanashikana, langu refu, lake fupi. Ukiyatazama pamoja yanapinda kama kiwiko. Ndiyo umbo lenyewe mwalimu alilochora ubaoni. Nikamwambia: sirfase ni pahali pote jembe linapita. Kata vipande viwili, hesabu kimoja, hesabu kingine, changa. Akashika mara moja. Mutoto iko na akili, mutu asikudanganye.

Perimetre, ule muzunguko wa inje, ndiyo ilituua. Nikamupa kamba azungushe. Akazungusha langu lote, akazungusha la mukewenza lote, akajumlisha. Mupaka wa katikati, ule wa majani, akaupima mara mbili.

"Achana na katikati," nikasema. "Zunguka inje tu."

"Bibi, na nani atapalilia pale? Wewe unapalilia upande wako, yeye upande wake. Ni mara mbili."

Na ni kweli. Toka mume wetu afe, ndivyo tunavyoishi: kila mutu na upande wake, hata majani hatuchangii. Mutoto amekulia katika mupaka ule. Mwalimu naye alijaribu. "Ni shamba moja," akamwambia mbele ya darasa. Akajibu, "Haiko moja, mwalimu. Iko na wenyewe wawili." Darasa likacheka mpaka akakaa chini.

Nikaenda kwa mukewenza, mimi nisiyemuomba hata chumvi. Nikamuomba tulime ule mupaka, mutoto aone shamba moja kwa macho yake. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, wala hakuweka mutwangio chini.

"Leo perimetre, kesho mihogo yangu," akasema. "Kwenda zako, mama. Mume ulinigawia nusu, shamba hautanigawia."

Siku ya egzame nilimungojea inje ya shule. Akatoka anacheka. Akachora chini kwa kidole nyumba ya vyumba viwili waliyopewa katika egzame, imepinda vilevile.

"Nilizungusha vyumba vyote viwili, bibi. Ukuta wa katikati pia, huku na huku. Sikusahau kitu."

Nikamupa mukate wake, akakula. Karatasi zilikuwa zimeshakusanywa.

Majina ya waliofaulu yaliposomwa, lake halikuwamo. Baba yake akafika na matope mpaka magotini, maana njia ya Kabambare haina huruma na mutu. Nikamwambia kwamba mutoto huyu si mujinga, nikamwambia kwa sauti ili na jirani wasikie.

"Najua, mama," akajibu, anafunga furushi la mutoto kwenye piki-piki. "Lakini ameanguka."

Alikuwa ameshamununulia jembe. Jipya, mupini bado mweupe. Mutoto akalipakata, akapanda nyuma.