Baiskeli Niliyoifungia Chumbani

Nimekosa. Nalisema mapema, asije mtu akanihurumia kabla hajajua nilichofanya. Mke wa jirani yangu alikufa kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, mzima wa afya, nimekaa juu ya baiskeli nakanyaga pedeli.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, mnapanga mstari tangu alfajiri kwa ajili ya mche wa sabuni. Nilikuwa naishi kijiji kimoja upande wa Kishapu, nina kiduka chenye chumvi na viberiti, mke mmoja na binti mmoja, Zaituni. Na majivuno nilikuwa nayo, jamani! Nikipita njiani nilidhani hata ng'ombe wananitazama.

Yakatangazwa mashindano ya sikukuu ya wakulima. Unavuka lambo kwa kuogelea, unapanda baiskeli mpaka Shinyanga mjini, kisha unamalizia kwa mbio za miguu. Zawadi ni baiskeli mpya. Mpya! Wakati ule watu walikuwa wanajaza nyasi kwenye matairi kwa kukosa mpira.

Kuogelea nilijua, mbio nilikuwa nazo. Baiskeli ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikaenda kwa mganga. Msinicheke, kwetu hata ngoma zikishindana kila upande una mganga wake.

Akaipaka baiskeli yangu dawa nyeusi kuanzia usukani mpaka keria, akanipa mwiko: magurudumu yasiguse ardhi, wala isimbebe mtu mwingine, hadi siku ya mashindano. Mwezi mzima!

Sasa utafanyaje mazoezi na baiskeli isiyogusa ardhi? Nikaiingiza chumbani. Fremu nikaiegesha juu ya magogo mawili, gurudumu la mbele nikalifunga kamba kwenye boriti. La nyuma nikalibana na kipande cha tairi kuukuu ili liwe zito. Nikafunga dirisha, nikawa nakanyaga humo ndani asubuhi na mchana, jasho linatiririka mpaka sakafu ya udongo inakuwa tope. Kijijini nikasema baiskeli nimeiazimisha kwa shemeji yangu, watu wasije wakainusa dawa yangu na kuiharibu.

Mke wangu, Mama Zaituni, alikuwa anasimama mlangoni ananitazama. "Baba Zaituni, leo umefika wapi?" Ananitania. Namjibu nimeshapita Mhunze. Tunacheka. Ndizo siku za mwisho nilizomsikia akicheka.

Zilipobaki siku tisa, ikawa Jumanne, siku ya mnada. Kijiji chote kilikuwa kimeondoka, na kila baiskeli imeondoka. Mchana jua kali, nikasikia hodi. Alikuwa Baba Kulwa, jirani yetu, mtu aliyenisaidia kuezeka nyumba ile ile niliyojifungia.

"Mama Zaituni! Mama Kulwa kaumwa na nyoka shambani, kifutu, alikuwa anachuma pamba. Mguu umeshavimba mpaka gotini. Naomba baiskeli, kama shemeji kairudisha, nimpeleke zahanati."

Zahanati ilikuwa maili saba. Na mnajua kwetu: baiskeli ya mgonjwa hainyimwi. Hata mliyegombana naye, hata mwenye kesi na wewe, akija na mgonjwa unamtolea baiskeli na unamshikia keria apakie. Hilo halina mjadala.

Mke wangu akaingia chumbani mbio. Akaanza kufungua ile kamba ya boriti. Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, mpaka kesho yake alama zilikuwepo.

"Mwambie haipo."

"Baba Zaituni, ni kifutu!"

"Kifutu haui upesi. Atabebwa. Mwambie haipo!"

Nikapanda juu ya baiskeli nikaendelea kukanyaga. Nataka mlielewe hilo. Sikukaa kimya kwa aibu, sikujificha uvunguni. Niliendelea na mazoezi!

Mke wangu akatoka, akasema haipo. Nikamsikia Baba Kulwa nje: "Na hiyo inayolia ndani ni nini?"

Mke wangu akaurudishia mlango wa chumba. Kisha akasema, "Ni cherehani. Shemeji kaniachia cherehani yake."

Akaamini. Mtu mwenye shida haulizi mara mbili. Akasema ahsante, ahsante kwa uongo ule, akaondoka. Kwenye ufa wa dirisha nilimwona uani kwake akimpandisha mkewe mgongoni. Mama Kulwa alikuwa anajaribu kumshikilia shingoni na mikono inamteleza. Nikarudi kukanyaga.

Nilikanyaga mpaka alasiri. Kwa nguvu zile ningemfikisha zahanati, nikarudi, nikamfuata mumewe nikampakia naye. Mama Kulwa alikata roho njiani, mumewe bado anatembea naye. Alitembea naye kitambo bila kujua.

Asubuhi yake Baba Kulwa akaja tena. Macho mekundu, mkononi ana kipande cha kitambaa cheupe, Mungu ndiye anayejua alikipata wapi.

"Mama Zaituni, nakuomba unishonee gauni la kumzikia. Nimekumbuka una cherehani."

Mke wangu aliusukuma mlango wa chumba, akasogea pembeni ili aone.

Baba Kulwa aliingia taratibu. Mimi nimesimama pale na kikaptula changu cha mazoezi. Aliisukuma pedeli kwa mkono mara moja, gurudumu likazunguka, likalia. Akalisikiliza mpaka likasimama lenyewe. Akakunja kitambaa chake, akatoka.

Makaburini niliposhika jembe nisaidie kufukia, mzee mmoja alininyang'anya. Jioni wazee wakakaa, wakatoa neno: nimetengwa. Hakuna kuniamkia, hakuna kunipa moto, hakuna kununua dukani kwangu, na nikifa nijifukie mwenyewe. Walikuwa na haki, ingawa siku ile niliwatukana wote.

Nikaenda kwa mganga kulalamika kwamba mwiko wake umeniponza. Akanishangaa.

"Si ungempakia mgonjwa, kisha ukaniletea baiskeli? Dawa ikichafuka inapakwa upya. Kazi ya asubuhi moja."

Asubuhi moja! Nilikaa chini pale pale kwenye ua wake.

Na bado nilikwenda kushindana. Nikajiambia, wakiniona nashinda watanirudia. Nikashinda. Niliwaacha wale wengine mbali kabisa, na wa kwetu waliokuwepo waligeuka wakatazama upande mwingine. Mtu wa kipaza sauti alipiga makofi peke yake.

Ile baiskeli mpya sikuipanda. Niliisukuma mpaka kwa Baba Kulwa, karatasi za kiwandani bado zimeifunika fremu. Nikapiga magoti uani kwake. Nikamwambia, kaka, ichukue, ni yako.

Alikuwa anapepeta mtama, kazi ya mkewe, na pacha wake wawili wamekaa kando. Hakuinua kichwa.

"Ungeniletea ile nyingine Jumanne," alisema.

Kurudi nyumbani nikamkuta Mama Zaituni kafunga mzigo. Alisema, "Siku mimi nikiumwa na nyoka, utakuwa unafanya mazoezi gani?" Alimshika Zaituni mkono wakaondoka kwa miguu, na hata kuniomba niwasindikize hawakutaka.

Nilihamia Rwamgasa kuchimba dhahabu, mahali ambapo hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Nimezeeka huku. Watu wananiita mzee, wananipa shikamoo, na kila ninapoitikia marahaba naona nawaibia.

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ni mwiko ulionizuia. Si kweli! Nilitaka baiskeli mpya. Nilipima roho ya mtu na baiskeli, nikachagua baiskeli.

Basi ninyi wenye pikipiki na magari, nawaonya. Siku ukibishiwa hodi na mtu mwenye mgonjwa, na moyo wako ukakataa, usimtume mkeo akaseme uongo. Toka mwenyewe. Mtazame usoni, umwambie: chombo ninacho, sikupi, mkeo na afe. Ukiona huwezi kuyatamka hayo, mpe funguo. Mimi siku ile nilikuwa nayatamka kwa miguu.