Vipimo vya Mkunga

Siku mkunga mstaafu alipoingia kibandani mara ya kwanza, fundi cherehani alimwona ni mteja wa kukimbiwa. Alitandaza kitambaa mezani, akakipima kwa dhiraa yake kabla fundi hajashika futi, kisha akataka gauni pamoja na vipande vyote vitakavyobaki.

"Vipande vya nini tena, bibi?"

"Vyangu. Au kitambaa ulinunua wewe?"

"Haya. Njoo Ijumaa."

"Jumatano. Nimezalisha mapacha kwa muda mfupi kuliko huo."

Fundi alicheka, akasalimu amri. Akaandika vipimo daftarini, na tarehe juu yake, kama alivyomwandikia kila mteja. Kiuno, inchi thelathini na nane. Miaka sita walivutana hivyo, na hakuna aliyempunja mwenzake.

Mwaka wa saba mkunga aliletwa na mwanawe, aliyerudi kuishi kwa mama baada ya ndoa kumshinda. Fundi alimjua. Ndiye bwana stoo wa shule ya jirani, na sare za shule nzima alimpa yeye kushona. Cherehani yake ya pili aliinunua kwa fedha za sare hizo.

"Mpunguzie gauni," mwana alisema. "Uzee huo."

Kiuno thelathini na tatu. Fundi alipunguza, mshono ukakaa vizuri hata akajisifu. Miezi mitatu baadaye, thelathini. Safari hii mkunga hakudai kipande wala siku. Futi ilipomzunguka mkono, akaruka kama aliyeguswa na pasi ya moto. Fundi akapandisha mkono wa gauni: alama nne za vidole upande huu, moja ya gumba upande wa pili.

Hapo akakosea. Aliuliza mwana akiwa amesimama palepale.

"Bibi, nani kakushika hivi?"

Mkunga alimtazama mwanawe kwanza. "Nilianguka bafuni."

"Siku hizi anaangukaanguka," mwana alisema. "Wewe fundi, shona."

Baada ya hapo gauni lilikuja bila mwenyewe, limekunjwa kwapani mwa mwana, linanuka mkojo. "Punguza kwa kukadiria tu." Wiki mbili fundi alijiambia kwamba ya nyumba za watu hayamhusu. Ukweli ni kwamba alikuwa akifikiria sare.

Wiki ya tatu akafunga kibanda saa nne asubuhi, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

"Ulimwona akimpiga?" afisa aliuliza.

"Sikumwona. Nina hili." Akafungua daftari.

Afisa alipitisha kidole kwenye tarehe. "Mama fundi, hata maradhi yanakondesha."

"Basi mkamtafute hospitali. Na mkimkuta nyumbani, angalieni kufuli iko upande gani wa mlango."

"Kufuli umeiona?"

"Sijaiona. Lakini mtu aliyekuwa haachi kipande cha kitambaa, ataachaje kuja kupimwa gauni lake mwenyewe?"

Walimkuta nyumbani. Kufuli ilikuwa nje ya mlango wa chumba, ufunguo mfukoni mwa mwana, mwana yuko kazini. Ndani, godoro tupu na kikombe kikavu. Jirani alikiri kusikia kilio mara nyingi. Alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mwana alipoletwa alisema mama hupotea njia, ndiyo maana anamfungia. Polisi wakamweka rumande.

Mwezi haukuisha, rafiki za mwana pale shuleni wakahamishia sare kwa fundi mwingine. Cherehani ya pili ikauzwa.

Mkunga alipelekwa kwa mpwa wake. Fundi alikwenda kumwona, akamkuta ameketi kitandani, sahani mapajani, mashavu yameanza kurudi.

"Shikamoo, bibi."

Alitafuna kwanza. "Nimezaa mmoja tu, fundi. Wewe ndiye uliyempeleka rumande."

"Ndiyo, bibi."

"Usije tena."

Akarudi kwenye sahani yake, akala mpaka ikabaki nyeupe. Fundi alimsubiri amalize, akaipeleka sahani jikoni, akaondoka.